Ilikuwa Plagi Tu

Mimi simwamini mtu anayenyamaza ninapoingia chumbani. Ndivyo nilivyo, mnisamehe. Mtu alikuwa anacheka na wenzake, mimi nafungua mlango, kicheko kinakatika kama umeme; basi huyo ana jambo, na jambo lenyewe linanihusu. Mama anasema nimeharibiwa na kazi. Labda. Kazi yenyewe ingekuharibu hata wewe.

Nilikuwa mwongoza ndege katika uwanja wa jeshi ambao haupo. Kwenye ramani pale pana bwawa. Kibao cha njiani kinasema "Bohari ya Mabomba ya Maji", na mlinzi wa getini ukimuuliza bei ya bomba anakutajia, tena kwa uso mkavu. Mimi ni raia, si mwanajeshi. Walinitoa uwanja wa kawaida kwa sababu, walisema, nina sauti inayosikika vizuri na mdomo usiotangatanga. Ya sauti ni kweli. Ya mdomo, kawaulize nyumbani.

Ndege nyingi pale zilikuwa za mazoezi, hazina siri. Lakini kulikuwa na moja isiyo na namba, tuliyoiita Mgeni. Mgeni akikaribia, sheria ilikuwa moja: teremsha mapazia yote ya mnara, mwongoze kwa redio na skrini, usimtazame. Naye asijue wewe ni nani. Mnara haumjui rubani, rubani haujui mnara. Mwenzangu mmoja alikutwa kwenye kioski akinywa soda na mtu wa Mgeni. Soda tu, jamani! Hatukuwaona tena, yeye wala huyo mwenzake. Kiti chake kikapata mtu mwingine, na sisi tukajifanya kiti hicho kilikuwa cha huyo mtu siku zote.

Kwa hiyo rubani wa Mgeni nilimjua kwa sauti. Nzito, tulivu, haina papara. Kila agizo nililompa alilirudia neno kwa neno, maana hewani ndivyo tunavyofanya kazi: mimi nasema, rubani anarudia. Akipatia namwambia "sahihi". Akikosea namsahihisha papo hapo. Nikinyamaza nimelikubali kosa lake, na likitokea la kutokea ni langu. Miaka tuliishi hivyo, mimi na ile sauti. "Shuka." "Nashuka." "Sahihi." Kuna watu na ndoa zao hawaongei hata hivyo.

Sasa, nyumbani nina mdogo wangu, fundi cherehani. Mimi ndiye wa kwanza kwa mama yetu, yeye ndiye wa mwisho, na katikati hamna mtu. Alipotuambia amepata mchumba, fundi friji, mpole, mcheshi, anaongea mpaka unasahau njaa, nilifurahi kwa moyo wote. Jumapili alipokuja kula nasi, mlango nilimfungulia mimi.

"Karibu, pita ndani," nikasema.

Basi. Maneno matatu tu. Yule bwana akabadilika rangi, mfuko wa machungwa ukamponyoka, machungwa yakabingirika mpaka chini ya sofa. Tangu hapo hakusema kitu. Alitikisa kichwa kwa ndiyo, akatikisa kwa hapana, mama akampakulia akatikisa, akampakulia tena akatikisa. Mdogo wangu alimtazama kana kwamba ameletewa mtu mwingine.

"Koo linamuuma," akatuambia kwa aibu.

Koo gani hilo linalouma kila Jumapili? Nikiwa bafuni nawasikia sebuleni wanavunjika mbavu. Nikitoka, kimya. Nikampa jina Bubu, tena mbele yake, naye akatikisa kichwa kwa ndiyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nasubiri huo mshindo. Siku moja tu, akiaga mlangoni, alininong'oneza kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Asante, shemeji."

"Shemeji ni cheo, bwana," nikamwambia. "Bado hujakipata. Usiniite hivyo mpaka nikupe ruhusa."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kazini nako kukaanza mambo. Mkuu wetu tulimwita Soksi, kwa kuwa alipanda zile ngazi za chuma za mnara bila kusikika. Ungegeuka ukamkuta nyuma yako, anatabasamu. Wiki zile akawa ananijulia hali kupita kiasi. "Nyumbani hawajambo? Mama je? Na mdogo wako, anaolewa na nani vile?" Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazini kwamba mdogo wangu anaolewa. Nikaunganisha mwenyewe. Soksi anajua ya nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu kaingia mtu mpya, mdomo hana, masikio anayo. Kikulacho ki nguoni mwako. Bubu katumwa kunichunguza, na mdogo wangu masikini ndiye ngazi aliyopandia.

Uhakika niliupata kwenye friji. Friji ya mama ilikuwa imekufa, na mama hakukosa fursa. "Tuna fundi ndani ya nyumba, tukaite mwingine wa nini?" Bubu akaja na bisibisi ya kuazima. Akaigeuza friji, akaitazama mgongoni kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga amshike. Akagonga hapa, akapuliza pale, akajibanza nyuma yake muda mrefu. Ghafla friji ikanguruma. Mama akapiga vigelegele, akasema kijana kabadilisha mashine nzima bila kipuri hata kimoja.

Mimi nilikuwa kwenye ujia, naangalia bila kuonekana. Mama, kwa furaha yake, akaingia kwenye habari za harusi, iliyokuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. "Viti ishirini, mwanangu. Vipitie mlango wa nyuma. Vipangwe kushoto, kulia pana matope."

Kutoka nyuma ya friji, sauti ya chini ikajibu: "Viti ishirini, mlango wa nyuma, kushoto, kulia matope."

"Hapo hapo," mama akasema.

Mtu wa kawaida husema "haya, mama". Husema "sawa", halafu anasahau, anakuletea viti kumi na tano mlango wa mbele. Harudii. Anayerudia ni mtu wa redio. Na mtu wa redio anayejiita fundi friji si wa Soksi; ni mmoja wa wale wa nje wanaokaa mahali kusikotajwa, wanasikiliza yetu, na Soksi naye keshamnusa, ndiyo maana ya maswali yake.

Nikamfuata mdogo wangu chumbani. Alikuwa kwenye cherehani, gauni lake jeupe limemfunika magoti.

"Huyu mtu wako si fundi friji," nikamwambia. "Duka lake umewahi kuliona?"

"Anafuata wateja majumbani."

"Wateja gani? Mtaje mmoja."

Akachomoa pini kwenye gauni, akaichomeka palepale.

"Katumwa kunipeleleza mimi. Nitamripoti kwa mkuu wangu, wamchukue, wamuulize wao."

"Wewe! Yaani mtu hawezi kunipenda mimi kama mimi, mpaka awe anakutafuta wewe?" Alisimama, gauni likaanguka chini na pini zake. "Anaogopa kuongea mbele yako, nami sishangai. Hata mimi naogopa. Sikiliza. Mwanamume huyu ukinivunjia, usihesabu kwamba una mdogo. Dada nitakuwa sina."

Lilinichoma, sifichi. Kuanzia siku ile akaacha kuniita dada. Akawa ananiita afande. "Afande, chumvi." "Afande, bafu liko wazi." Mama alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilimeza, nikajiambia bora anichukie kuliko aolewe na mtego.

Siku niliyopanga kumwendea Soksi, Soksi alinijia mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali, upepo unapeperusha vumbi uwanja mzima. Niligeuka nikamkuta nyuma ya kiti changu.

"Nina neno nawe," akasema. "Kuhusu huyo fundi friji wenu."

Kabla sijafungua mdomo, redio ikaita.

"Mnara, Mgeni."

Nilimwinulia Soksi kiganja asubiri, nikateremsha mapazia kama kawaida. Mnara ukawa na giza la kijivu, tukabaki na mwanga wa skrini.

"Mgeni, endelea."

"Taa ya gurudumu la mbele haijawaka. Sijui limeshuka au limebaki ndani. Mafuta ya kwenda kwingine sina."

Sauti ile ile, tulivu, kama mtu anayekutajia bei ya vitunguu. Katika hali hiyo kila mwongoza ndege anajua la kufanya: rubani anapita chini karibu na mnara, wewe unamtazama tumbo kwa darubini, unamwambia ulichokiona. Lakini nitazame vipi na mapazia yako chini?

"Afande, nafungua pazia."

"Hufungui."

"Huyu mtu anakuja na tumbo asilolijua lilivyo."

"Sheria unaijua."

"Basi chukua hedifoni wewe, umweleze unavyoliona gurudumu kupitia kitambaa!"

Hakusogea. Nami sikusubiri. Nilivuta kamba kwa hasira mpaka ikakatika mkononi, pazia likaporomoka lote, mwanga ukatupiga machoni. Ndipo nikamwona Mgeni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndege ndogo kuliko nilivyodhani, chafu, imechubuka kama kiatu cha kazi. Alipita mbele yetu chini kabisa, vioo vikatetemeka.

"Mgeni, gurudumu la mbele limetoka nusu, limekwama, limepinda kushoto."

"Limetoka nusu, limekwama, limepinda kushoto."

"Sahihi. Zunguka, uje utue kutoka mashariki, upepo ni wa mbele. Pua iweke juu kadiri uwezavyo. Zimamoto wako kulia kwako."

Nilishabonyeza king'ora, magari mekundu yalishaanza kumwaga povu. Akarudia yote: mashariki, upepo wa mbele, pua juu, zimamoto kulia. Hakukosea neno. Kisha redio ikawa kimya, nikafikiri nimempoteza.

"Mnara," akasema. Kwa mara ya kwanza sauti ile ilitetemeka. "Mambo yakiharibika, mwambie mama friji ilikuwa plagi tu. Na mdogo wako mwambie, zaidi ya hiyo kazi ya uongo, sikumdanganya kitu. Samahani kwa kukuita bila ruhusa, shemeji."

Loo! Machungwa chini ya sofa. Koo la kila Jumapili. Kumbe siku ile nilipomfungulia mlango alinitambua kwa yale maneno matatu, na tangu hapo alikuwa akiimeza sauti yake ili mimi nisimtambue. Angeweza kukimbia. Angeweza kumwacha mdogo wangu, akajiokoa. Akachagua kuitwa Bubu mezani kwetu, atafune, atikise kichwa. Nilishikwa na hasira juu yake, halafu nikaogopa, nikamwogopea kama mwanangu wa kumzaa. Nyuma yangu nilisikia pumzi za Soksi.

Rubani amesema, na mnara lazima ujibu. Kama kuna kosa, sahihisha.

"Mgeni, sahihi," nikasema. "Ruhusa kutua."

Aligusa chini kwa magurudumu ya nyuma, taratibu, pua juu, juu, mpaka mwendo ukamwishia, ndipo pua ikaanguka. Cheche zikaruka, chuma kikapiga kelele iliyonifikia hadi kwenye meno. Ndege ikayumba kushoto, ikaingia kwenye povu, ikasimama. Zimamoto wakaizingira. Mlango ukafunguka, mtu akashushwa, povu likimfika magotini, mkono ameuweka kidevuni. Niliinua darubini. Alikuwa yeye, fundi friji wetu.

"Amesema shemeji," Soksi akasema.

Sikugeuka.

"Nawe ukamwambia sahihi. Sahihi ipi, ya plagi au ya shemeji?"

Akavuta kiti, kikakwaruza sakafu, akakaa. Tangu nimfahamu hakuwahi kukaa mnarani.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Nilikuja kukuambia kwamba huyo fundi wenu hana duka, hana karakana, hata bisibisi ni ya jirani. Mtu wa namna hiyo akiingia nyumbani kwa mwongoza ndege wangu, mimi namwita jasusi. Sasa nasikia ni rubani. Hata mimi sura zao wananificha. Lakini redio hukwaruza, si ndiyo? Ukiniambia humjui, basi ulisema sahihi kwa habari za gurudumu, na kesho unaingia zamu kama kawaida. Yeye ataulizwa nani alimtuma kukufuata mpaka mezani. Na huko wanakouliza, hawamwekei mtu kiti."

"Na nikisema namjua?"

"Kama kweli ni shemeji yako, basi ni mjinga aliyependa. Mjinga hafungwi. Mtafukuzwa wote wawili leo hii, mkauze hizo friji."

Alitabasamu, na lile tabasamu sikuliamini. Huenda ni mtego, nikiri tu atukamate sote. Wiki nzima mimi ndiye niliyetaka huyu mtu achukuliwe, sasa napewa bure, kwa neno moja, na kazi yangu inabaki. Kazi yenyewe ndiyo niliyo nayo; sina cherehani mimi, sina duka, nina sauti tu. Nilitazama chini uwanjani. Walikuwa wamemkalisha kwenye ngazi ya gari la zimamoto, naye alikuwa anatazama juu, kwenye dirisha letu lisilo na pazia. Hakupunga mkono. Alikuwa anasubiri kusahihishwa.

"Hajakosea, afande," nikasema. "Ni shemeji yangu."

Soksi akaacha kutabasamu. Akanyoosha mkono, nikamvulia hedifoni, nikampa na kitambulisho. Nilishuka zile ngazi za chuma huku miguu yangu ikipiga kelele kwa sisi sote wawili, mimi na Soksi.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu kwenye cherehani.

"Afande umerudi mapema," akasema bila kuinua macho.

"Nina ujumbe. Mchumba wako anasema, mwambie mama friji ilikuwa plagi tu."

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. "Umemwona wapi?"

Nikamweleza, nimesimama hivyo hivyo na mkoba begani. Sauti ya Mgeni. Machungwa. Gurudumu. Nilipofika kwenye cheche alijishika mdomo.

"Anarusha ndege?" akauliza.

"Alikuwa anarusha. Na mimi nilikuwa naongoza."

"Kazi yako umeiacha?"

"Imeniacha yenyewe. Niliulizwa kama namjua, nikasema ni shemeji yangu."

Aliuvuta uzi ukakatika, akausokota kwenye vidole. "Watamrudisha?"

"Soksi amesema leo."

"Unamwamini?"

"Mimi? Hunijui?"

Jikoni mama akapaza sauti, "Plagi? Plagi gani? Mimi nimeshamtangazia mtaa mzima kwamba kijana kabadilisha mashine!"

Tulikaa kwenye kizingiti, mdogo wangu na mimi. Gari jeupe likapita polepole, likageuza, likapita tena. Nikamtazama dereva mpaka akafunga kioo. Mtu mmoja akaja kuuliza nyumba ya kupanga. Mtaani kwetu hapajawahi kuwa na nyumba ya kupanga. Mdogo wangu alishika mkono wangu akaubana, na kila gari liliposikika akaubana zaidi. Jua lilikuwa limeanza kulegea ndipo likaja gari lisilo na namba, likasimama mbele ya geti bila kuzima injini, likamteremsha mtu, likaondoka. Ana plasta kidevuni. Viatu hana, amevaa ndala kubwa za mtu mwingine.

Mdogo wangu alimrukia, nusura wote wawili waanguke. Yeye akanitazama juu ya bega lake, akafungua mdomo, na ile sauti ya hewani ikatoka, nzito, karibu, bila mkwaruzo.

"Nimefika, shemeji."

Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake. "Miaka yote hiyo," nikamwambia, "ulikuwa unabeba nini?"

Nikaona anataka kutikisa kichwa kama zamani.

"Sijui, shemeji," akasema. "Kati yangu na mzigo kulikuwa na pazia. Na mimi nilikatazwa kutazama."

Sikujua nimwamini au nisimwamini. Nilikuwa nafungua mdomo niulize la pili, mdogo wangu akageuka, uso umelowa machozi na kamasi, anacheka.

"Dada, usimhoji mwenzio hata hajakaa! Nenda kaweke chai."

Hata hakusikia alichokisema. Nikajifanya na mimi sikusikia, nikaenda jikoni haraka kabla hajajisahihisha.